Muuzaji asema oili ya giaboksi ni ya maisha yote ya gari. Ni maisha ya nani?

#1 · Mkaazi_Ruiru

Wanajukwaa, hamjambo. Mwezi uliopita nilinunua gari dogo la Kijapani, lililosajiliwa huko kwao mwaka 2017 na kuingia nchini mwaka 2024. Dashibodi inasoma kilomita 96,000. Giaboksi ni otomatiki ya kawaida, si CVT (ile ya ukanda na puli badala ya gia), na nilipofungua boneti sikukiona kijiti cha kupimia oili yake. Muuzaji alinieleza kwa uhakika kwamba giaboksi ya namna hiyo hufungwa kiwandani na oili iliyomo ni ya maisha yote ya gari, kwa hivyo nisimruhusu fundi yeyote kuigusa. Fundi wa kwanza niliyemwendea, kule Barabara ya Kirinyaga, alitaka kuimwaga siku hiyo hiyo. Wa pili, wa Industrial Area, aliniapia kwamba nikiimwaga sitamaliza mwezi kabla ya kutafuta giaboksi nyingine.

Kila siku ya kazi natoka Ruiru hadi Upper Hill kwa Barabara ya Thika, na jioni narudi. Umbali ni kama kilomita 30, lakini safari huchukua saa moja na nusu. Naomba kujua ni nani kati ya hao watatu aliyeniambia kweli. Na kama oili ya giaboksi inaweza kudumu maisha yote, kwa nini ya injini isiweze? Kuhusu kulanti, yaani kimiminika cha kupoozea injini, na mafuta ya breki, hakuna hata mmoja aliyenitajia neno.

#2 · Dereva_wa_Usiku

Badilisha, ndugu yangu. Nimeendesha teksi Nairobi kwa miaka tisa. Oili ya injini huimwaga kila kilomita 5,000 na ya giaboksi kila 40,000, na gari langu la kwanza nililiuza likiwa limepita kilomita 310,000 na giaboksi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Mwenzangu wa kituoni alikuwa na gari kama langu, tofauti ilikuwa rangi tu, na yeye aliyashika maneno ya "maisha yote". Lake lilianza kuteleza likipanda Limuru kabla ya kufika kilomita 190,000.

#3 · Mhandisi_wa_Mitambo

Ningependa tusiharakishe kuwaita watengenezaji waongo, kwa sababu katika jambo hili wana sehemu ya ukweli. Oili za giaboksi za zamani zilitokana moja kwa moja na mafuta ghafi yaliyosafishwa, na joto liliziharibu mapema. Za leo ni za sinthetiki, hustahimili joto kwa muda mrefu zaidi, na kemikali zinazochanganywa ndani yake zimeboreshwa sana. Giaboksi isiyo na kijiti, nayo, huwekwa hivyo kwa sababu ya maana: vumbi haliingii, na mwenye gari hapati nafasi ya kuongezea oili isiyofaa kila anapojisikia. Giaboksi nyingi za CVT katika mji huu zimeuawa na mtu aliyemimina oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida, na kilomita hazikuhusika hata kidogo. Ndani ya CVT, ukanda wa chuma hubanwa na puli za chuma, na oili yenyewe imetengenezwa ili ilinde chuma na wakati huo huo iruhusu ukanda kushika. Ukimimina nyingine, ukanda huteleza, puli huchubuka, na hakuna sevisi itakayorudisha kilichochubuka.

Lililofichika ni maana ya hayo maneno "maisha yote". Mtengenezaji anapoyaandika anamfikiria mnunuzi wa kwanza, ambaye atakaa na gari miaka michache, na kampuni zinazonunua magari kwa mamia na kulinganisha gharama za sevisi kabla ya kutia sahihi. Kila kitu kinachoondolewa kwenye orodha ya sevisi hulifanya gari lionekane la gharama nafuu. Gari la Ruiru liko kwenye maisha ya pili, na huenda litapata ya tatu Kitui au Busia. Maisha hayo hayakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote.

Nitoe mfano mmoja ulio wazi. Kampuni ya Ujerumani ya ZF huunda giaboksi zinazofungwa kwenye magari mengi ya BMW, na kwa miaka mingi magari hayo yalisemekana kuwa na oili ya kudumu. ZF wenyewe hupendekeza oili ya giaboksi zao ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8, kutegemea gari linavyoendeshwa. Kwa hiyo aliyeunda giaboksi anataka oili ibadilishwe, na aliyeuza gari anataka isiguswe.

#4 · Dereva_wa_Usiku

Mhandisi, maelezo yako yanazidi kitabu cha gari kwa urefu, lakini nimeyasoma hadi mwisho na nimefaidika. Ahsante.

#5 · Fundi_Kariobangi

Nimekuwa kwenye gereji kwa miaka kumi na minane, na swali la "nikimwaga itakufa" naulizwa kila wiki, kwa hivyo nitalijibu kwa utulivu.

Ni kweli kwamba kuna magari ambayo giaboksi zake hufa muda mfupi baada ya kubadilishiwa oili. Nimeyaona kwa macho yangu. Maelezo yanayotolewa ni mengi. Wengine husema oili kuukuu imejaa ungaunga wa klachi, na ungaunga huo ndio unaosaidia klachi zilizokwisha kushikana, hivyo ukiuondoa zinateleza. Wengine husema oili mpya huosha uchafu uliogandamana, uchafu ukasafiri hadi kwenye vali ndogo ukaziziba. Mimi naamini zaidi sababu ya tatu, kwamba watu huja kubadilisha oili wakiwa tayari wameona gari linachelewa kushika gia, na wakati huo giaboksi iko njiani kufa. Oili ikimwagwa leo, giaboksi ikafa wiki ijayo, lawama zinaangukia oili.

Kuna na sababu ya nne, ambayo sisi mafundi hatupendi kuitaja. Giaboksi isiyo na kijiti hupimwa kwa tundu la kufurikia. Gari likae sawasawa, injini iwe inanguruma, na oili iwe na joto la takriban nyuzi 40 kwa aina nyingi za Toyota. Kisha unafungua tundu na kuacha inayozidi idondoke hadi ibaki inachuruzika kama uzi. Anayeipima ikiwa moto sana atamwaga iliyohitajika, kwa sababu oili hutanuka. Gari huondoka likiwa na upungufu, na baada ya wiki tatu mwenye gari anapiga simu.

Ninapofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, kitu cha kwanza ninachokiangalia ni sumaku zilizo chini yake. Kwenye giaboksi yenye afya sumaku huwa zimevaa rojo la kijivu, laini kama uji wa mtoto, ukilisugua kati ya vidole husikii punje. Hilo ni la kawaida. Nikihisi chembe, au nikaona vipande vinavyong'aa, nafunga sampu na kumwita mwenye gari aje aone mwenyewe kabla hatujaendelea. Ndugu wa Ruiru, usikubali mashine ya kusukuma oili yote kwa nguvu. Fungua nati ya chini, imwagike yenyewe, badilisha filta kama yako inafikika, ujaze kiasi kile kile kilichotoka. Itakayotoka ni nusu au pungufu, kwa sababu nyingine imebaki kwenye konveta, kile chombo kinachounganisha injini na giaboksi. Endesha kilomita elfu chache, kisha rudia.

#6 · Mlipa_Bili

Fundi, nakuheshimu, lakini mnaonufaika na kumwaga oili ni nyinyi mafundi na wauzaji wa oili. Mhandisi ametueleza kwa nini mtengenezaji anasema "usibadilishe". Hakuna aliyetueleza kwa nini kila gereji ya Nairobi hubandika kikaratasi cha kilomita 5,000 kwenye kioo, hata gari likiwa limetiwa oili ya sinthetiki ya bei ya juu ambayo mwenye kuitengeneza ameandika inafika 10,000. Nikilipa mara mbili ya ninavyohitaji kwa miaka kumi, hiyo ni karo ya mtoto. Kama tunakagua matangazo ya biashara, tuyakague ya pande zote mbili.

#7 · Fundi_Kariobangi

Una haki ya kuuliza hivyo, Mlipa Bili. Wapo wanaobandika 5,000 kwa mazoea. Sababu yangu mimi ni kwamba mteja akishaondoka sijui atakwama saa ngapi barabarani, na sina hakika kama chupa aliyoinunua mwenyewe mjini ni halali. Oili bandia ipo, na kwa macho huwezi kuitambua. Basi nahesabu kwa upande wa tahadhari.

#8 · Mama_wa_Ngong

Mleta uzi alitaja mafuta ya breki mwishoni mwa swali lake, na naona wote tumekimbilia giaboksi. Naomba niyarudishe, kwa sababu giaboksi ikifa unasimama, na breki zikifa husimami.

Mwaka juzi mwezi wa Desemba tulikuwa tunashuka ile barabara ya ukingo wa bonde kuelekea Mai Mahiu, watu watano na mizigo, nyuma ya lori lililojaa mawe ya kujengea. Lori lilikuwa linatambaa, nami nikawa nimekanyaga breki karibu muda wote, kanyaga achia, kanyaga achia. Tulipolikaribia lile kanisa dogo la Waitaliano lililo kando ya barabara, pedali ilianza kuwa laini. Si kwamba ilikataa ghafla. Ilikuwa kama kukanyaga godoro, kila nikikanyaga inashuka chini zaidi ya mara iliyotangulia, na gari halipungui mwendo kama nilivyotarajia. Nilirudisha gia hadi ya pili, injini ikapiga kelele, nikalivuta gari pembeni kwa breki ya mkono. Magurudumu ya mbele yalikuwa yananuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Mama mkwe hakusema neno. Alishika tu mkono wa mtoto.

Tulikaa pale karibu saa nzima. Zilipopoa, pedali ilirudi ngumu kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu ningeweza kudanganyika na kuendelea kama kawaida. Fundi alipovuta mafuta ya breki kwa bomba la sindano yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mapya ni karibu meupe, yana umanjano kidogo tu. Gari lilikuwa limefanyiwa sevisi kila baada ya miezi mitatu kwa miaka mitano, kwenye gereji ninayoiheshimu hadi leo, na kila mara walikuwa wanaangalia kiwango, wanakiona kiko juu, wanafunga kifuniko. Pedi zilikuwa nzima, diski nzima. Kilichokuwa kimezeeka ni mafuta.

#9 · Mhandisi_wa_Mitambo

Pole sana, Mama. Nakushukuru kwa kulieleza kwa undani, maana maelezo yako ni picha kamili ya mafuta ya breki yanayochemka. Mafuta haya, ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4, hufyonza unyevu wa hewani, na maji hushusha kiwango chake cha kuchemka. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za selsiasi, lakini yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa yamelowa. Kwenye mteremko kama ule, joto la breki hupanda hadi huko bila shida. Yakichemka huzaa mvuke, na mvuke hubanika kwa kukanyagwa ilhali kimiminika hakibaniki. Godoro ulilolikanyaga ni huo mvuke. Ukipoa, unarudi kuwa kimiminika, na pedali inaonekana nzima.

Kwa hiyo kuangalia kiwango hakutoshi. Miaka miwili ni muda unaopendekezwa na watengenezaji wengi, iwe umetembea kilomita 60,000 au gari limelala chini ya mti. Na hapa, Mlipa Bili, sioni tangazo la kibiashara, kwa sababu chupa ya nusu lita haimtajirishi mtu.

#10 · Kijana_wa_Donholm

Kuhusu kulanti, mimi naona ni pesa za bure kwa Nairobi. Wazungu huiweka kwa sababu ya barafu, na hapa hatuna barafu. Babangu ameendesha pikapu tangu nikiwa shule ya msingi akijaza maji ya bomba kwenye rejeta, na haijawahi kuchemka.

#11 · Mhandisi_wa_Mitambo

Ndugu wa Donholm, barafu ni kazi moja tu ya kulanti, tena kwetu si ya maana. Iliyo ya maana ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji ya kawaida huchemka karibu nyuzi 94, wala si 100. Kwa maji matupu, mji wetu ni mbaya kuliko Mombasa.

#12 · Mwalimu_wa_Fizikia

Naomba nimrekebishe Mhandisi kidogo, kwa heshima. Alichosema kuhusu nyuzi 94 ni sahihi kwa sufuria isiyofunikwa. Rejeta imefungwa, na kifuniko chake huongeza shinikizo. Kwenye vifuniko vingi vya Kijapani utaona pameandikwa 1.1 (kwa bar) au 108 (kwa kilopaskali), yaani shinikizo linaloongezwa juu ya lile la hewa ya nje. Kifuniko kikiwa kizima, hata maji matupu ndani ya rejeta hapa Nairobi hayachemki kabla ya nyuzi 118 hivi, na Mombasa ni takriban 121. Tofauti ya mwinuko inabaki ndogo.

Hatari yake inaonekana pale mpira wa kifuniko unapokauka na kupasuka, jambo ambalo hakuna anayelikagua. Hapo shinikizo linapotea, unarudi kwenye nyuzi 94 za Mhandisi, na feni za magari mengi huanza kuzunguka joto likikaribia nyuzi 95. Maana yake, maji yanachemka wakati feni ndiyo kwanza inaamka. Kifuniko hakigharimu pesa nyingi, na nimeona silinda hedi zimepinda kwa sababu yake.

#13 · Fundi_Kariobangi

Mwalimu amesema kweli tupu. Nami niongeze kuhusu pikapu ya mzee. Injini za zamani zilikuwa za chuma kizito, na rejeta za shaba. Injini za sasa ni za aluminiamu, ambayo huliwa na maji yasiyo na kinga. Halafu siku hizi mitaa mingi inatumia maji ya visima, na yale yana chumvi. Nimewahi kutoa pampu ya maji kwenye gari la mteja wa Syokimau, mapanga yake yameliwa hadi yamebaki vijino, na ndani ya rejeta kuna ukoko mweupe kama wa birika. Ikiwa huna budi kuongeza maji, nunua yaliyochujwa madini, yale ya betri, na si ya bomba. Wala usichanganye kulanti kwa kufuata rangi. Kijani ya kampuni moja si kijani ya nyingine.

#14 · Kijana_wa_Donholm

Nimekubali kuhusu kifuniko na kutu. Nitamwambia mzee akague kifuniko kwanza, ingawa najua jibu lake litakuwa kwamba pikapu ni kubwa kuliko mimi.

#15 · Mfasiri_wa_Kijapani

Nilisoma Kijapani kwa miaka minne, na ndugu jamaa huniletea vile vitabu vinavyokaa kwenye sanduku la dashibodi ambavyo kila mtu huvitupa. Napenda kutoa ushahidi wa vitabu hivyo, kwa sababu Mlipa Bili aliuliza swali zuri pale #6 na jibu lake limeandikwa humo tangu awali.

Kwa magari mengi ya Toyota ya petroli yasiyo na tabo, kitabu cha Kijapani husema oili ya injini ibadilishwe kila kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Hiyo ndiyo namba inayotangazwa. Kando yake kuna safu nyingine ya mazingira magumu, na humo ni kilomita 7,500 au miezi sita. Mazingira magumu yametajwa moja moja: safari fupi za kilomita nane au pungufu, barabara mbovu, milima, na kuendesha kwa mwendo mdogo au kusimama injini ikinguruma kwa muda mrefu. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona kwamba Barabara ya Jogoo saa kumi na mbili asubuhi imo humo yote. Basi mtengenezaji hakudanganya. Aliandika namba mbili, na muuzaji akatusomea moja.

#16 · Dereva_wa_Usiku

Hapo kwenye kusimama injini ikinguruma ndipo penye siri, na ndiyo maana kilomita hazitoshi. Mkaazi wa Ruiru huenda kilomita 30 kwa saa moja na nusu, yaani wastani wa kilomita 20 kwa saa. Kilomita zake 5,000 ni saa 250 za injini kufanya kazi. Anayesafiri Nairobi hadi Nanyuki kwa wastani wa 80 hufikisha kilomita 5,000 kwa saa 63 tu. Oili ya huyu na ya yule haziwezi kuwa na umri mmoja, hata kama dashibodi zinasoma sawa.

#17 · Mlipa_Bili

Dereva na Mfasiri, hayo ndiyo majibu niliyokuwa nayatafuta. Lakini hata kwa safu ya mazingira magumu, 7,500 bado si 5,000. Nitashika 7,500 na chupa ya duka ninaloliamini. Sijashawishika zaidi ya hapo.

#18 · Mkaazi_Ruiru

Nawashukuru nyote. Baada ya kusoma #15 nilienda kulikagua gari upya. Kwenye fremu ya mlango wa dereva nimekuta kibandiko kidogo cha Kijapani chenye picha ya kopo la oili. Kimeandikwa 3.5.12, na chini yake 118,300 na herufi za kilomita. Nimedhani ni tarehe 3 Mei 2012, lakini gari ni la 2017. Je, kibandiko hiki kinatoka wapi?

#19 · Mfasiri_wa_Kijapani

Wajapani huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na kwenye vibandiko vya gereji hutumia miaka ya enzi ya mfalme wao. Enzi ya sasa, Reiwa, ilianza mwaka 2019, hivyo mwaka wa 3 ni 2021. Ni tarehe 12 Mei 2021. Namba ya chini ni kilomita. Mara nyingi huandikwa kilomita za sevisi inayofuata na si zile za siku ile, kwa hiyo ondoa elfu tano, au hata kumi.

Naomba uisome tena dashibodi yako, ndugu.

#20 · Mkaazi_Ruiru

Dashibodi inasoma 97,140 leo. Hata nikiondoa elfu kumi, gari lilikuwa na zaidi ya 108,000 mwaka 2021. Nimekaa ndani ya gari dakika kumi bila kuliwasha.

#21 · Mlipa_Bili

Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na pole sana. Mita imerudishwa nyuma. Dai kwa muuzaji nakala ya cheti cha Japani cha kuuza gari nje. Humo huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima, ambao kwa gari jipya la binafsi hufanywa baada ya miaka mitatu na kisha kila miwili.

#22 · Fundi_Kariobangi

Pole, ndugu. Ila tusihukumu kabla ya cheti. Nimeona magari ambayo fremu ya mlango ilikatwa kutoka gari jingine baada ya ajali, ikaja na kibandiko chake. Kagua ukingo wa rangi na zile alama za kuchomelea za duara. Za kiwandani zina nafasi sawa. Pia kuna dashibodi inayobadilishwa kwa sababu imeharibika, ikaanza na kilomita zake yenyewe.

#23 · Dereva_wa_Usiku

Mimi naegemea kwa Mlipa Bili. Vyovyote iwavyo, swali la #1 limegeuka. Mtu hawezi kungoja kilomita 100,000 asizozijua ziko wapi.

#24 · Mkaazi_Ruiru

Naleta habari ya Jumamosi. Alama za kuchomelea tumezikagua na zinaonekana za kiwandani, ingawa Fundi amesema hawezi kuapa. Muuzaji ameahidi kunitafutia cheti na bado nasubiri.

Oili ya giaboksi tuliimwaga asubuhi, gari likiwa juu ya mawe manne na kipimo cha usawa kimewekwa kwenye kizingiti cha mlango. Ilitoka ya kahawia iliyokolea, nyekundu ikionekana pembeni tu pale ilipokuwa nyembamba juani. Fundi aliinusa, akanipa niinuse. Ilinuka uzee lakini haikunuka kuungua. Sumaku zilikuwa nne, zote zimevaa lile rojo, nene kuliko nilivyotarajia, na nililisugua mwenyewe nikitafuta punje. Sikuzipata. Zilitoka lita tatu na robo, tukarudisha lita tatu na robo, kisha tukapima kwa tundu la kufurikia kama alivyoeleza pale #5. Tutarudia baada ya kilomita 5,000. Hadi leo, siku ya nne, gari linabadilisha gia ya pili kwenda ya tatu bila ule mshtuko mdogo niliokuwa nadhani ndio tabia yake.

Wakati wa kuandika kibandiko kipya Fundi aliniuliza aandike kilomita zipi. Nilimwambia aandike za dashibodi, na tarehe kwa herufi kubwa.

#25 · Mlipa_Bili

Siku nne ni chache. Tunaomba utuarifu baada ya mwezi, hata kama habari ni mbaya.

#26 · Mama_wa_Ngong

Nimefurahi kwa giaboksi, mwanangu. Lakini nimesoma habari yako ya Jumamosi mara mbili na sijaona mahali mlipofungua mafuta ya breki. Yana rangi gani?